Herufi Mbili tu! Stori ya Dogo Aliyetuma Meseji ya Kwanza Kabla ya Intaneti

Leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani. Nina stori ya dogo wa miaka 21 ambaye ukipita naye mtaani humjui, ila kila ukishika simu unapita kwenye njia aliyoifungua.

Ni tarehe 29 Oktoba 1969, saa 4:30 usiku, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Marekani. Dogo ni mwanafunzi, yupo mbele ya kompyuta. Zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford, kuna jamaa mwingine anasubiri. Wanaongea kwa simu ya kawaida ili wajue kama kitu kinafika. Kazi ni moja: dogo aandike LOGIN, aingie kwenye kompyuta ya mwenzake.

Akaandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Kugusa G tu, kompyuta ya upande wa pili ikagoma! Kwa hiyo meseji ya kwanza ya mtandao ule, ARPANET, ilikuwa "LO". Hawakukata tamaa. Baada ya kama saa moja wakajaribu tena, ikakubali. Kumbukumbu iliyobaki ni mstari mfupi kwenye daftari la maabara. Mpaka mwaka unaisha, zikawa zimeunganishwa kompyuta nne tu.

Sasa siri yao ilikuwa nini? Fikiria unatuma kitanda kutoka Dar kwenda Mwanza. Huwezi kukipakia kizima kwenye basi, unakifungua vipande. Kila kipande unakiandika namba na anwani ya mpokeaji. Vingine vinaenda na basi la asubuhi, vingine la jioni. Kule Mwanza vinapangwa kwa namba, kikikosekana kimoja unapigiwa simu: tuma tena.

Hivyo ndivyo picha yako inavyosafiri. Vile vipande vinaitwa pakiti. Anwani ni ile ya IP. Ruta ni kama mtu wa stendi anayeelekeza mzigo upande gani. Na yale makubaliano ya namba na "tuma tena" yanaitwa TCP. ARPANET nzima ilihamia kwenye TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, na mpaka leo intaneti inaongea lugha hiyo.

Huku kwetu tulitegemea zaidi setilaiti, bei juu na kasi ya konokono, mpaka mwaka 2009 waya wa chini ya bahari ulipofika Dar na Mombasa.

Nimeyajua haya kwa machungu. Mei 2024 net iligoma ghafla. Nikazima simu, nikawasha, nikaongeza bando, wapi! Nikaenda kwa fundi, akaniambia simu imekufa "sehemu ya mtandao", anataka elfu kumi na tano. Nikatoa. Kumbe nyaya mbili za baharini zilikuwa zimekatika, Afrika Mashariki karibu yote tunalia. Pakiti zikabaki kubanana kwenye njia chache zilizobaki, kama magari barabara kuu ikifungwa. Simu yangu ilikuwa nzima kabisa!

Kwa hiyo net ikigoma, usikimbilie fundi. Kuna simu yako, ruta, kampuni inayokuuzia bando, waya wa baharini, halafu seva yenyewe. Jaribu simu nyingine kwenye WiFi hiyo hiyo. Ikigoma pia, tatizo si simu yako. Washa data ya mtandao mwingine. Ikikubali, ujue tatizo liko kwenye ruta au kwa anayekuuzia. Zikigoma zote, tulia, huenda ni baharini.

Hata yule dogo, G ilipogoma, hakununua kompyuta mpya. Walitafuta kwanza imekwama wapi.

Wewe je, umeshawahi kupigwa hela na fundi kwa kosa lisilo la simu yako? Tiririka hapo chini!