Kungoja Abiria, Kungoja Kiwanja: Simu na Mazoezi Msata

Ushauri wa kupunguza muda wa mitandao ya kijamii na kuongeza mazoezi una ushahidi nyuma yake. Julia Brailovskaia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, waliwagawa watu 642 katika makundi manne kwa wiki mbili. Kundi moja lilipunguza mitandao kwa dakika 30 kwa siku, jingine likaongeza mazoezi kwa muda huohuo, la tatu likafanya yote mawili na la nne halikubadili kitu. Kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2022, waliofanya yote mawili ndio walionufaika zaidi, na nafuu yao ilionekana hata miezi sita baadaye.

Je, ushauri huo unafaa Msata kama ulivyo? Hapa barabara ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo inaungana na barabara kuu ya Chalinze–Segera, na kazi kubwa ya njia panda ni kungoja. Kijana wa bodaboda amejilaza juu ya pikipiki, kichwa kwenye tangi, miguu kwenye kiti cha abiria, kidole kinapandisha video moja baada ya nyingine. Basi la Tanga likipunguza mwendo, simu inaingia mfukoni na kijiwe kizima kinakimbilia mlangoni. Ukimwambia aiache simu nyumbani unamwambia aache kazi, maana wateja wake wa kudumu humpigia. Anachoweza kukifanya ni kuzima data na kuacha laini ya kupigiwa. Bando lenyewe litadumu zaidi.

Kuna hoja kwamba watu wetu hawahitaji mazoezi, na hoja hiyo ina takwimu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya robo ya watu wazima duniani hawakuushughulisha mwili vya kutosha, ilhali Uganda na Msumbiji hawakufika asilimia 6. Mama wa Msata anayelima na kuchota maji huenda akazimaliza dakika 150 za mazoezi zinazopendekezwa kwa wiki kabla ya Jumatano. Hata hivyo, kuchoka si kufanya mazoezi. Andreas Holtermann na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2021 uliohusu watu zaidi ya 104,000 wa Copenhagen, walikuta kuwa shughuli za mwili wakati wa mapumziko ziliendana na vifo vichache, lakini kazi nzito iliendana na vifo vingi zaidi. Uhusiano si sababu, ni kweli, na Copenhagen si Pwani. Lakini matokeo hayo yanatosha kutuzuia tusiihesabu ndoo ya maji kama burudani.

Waliosoma shule zetu za msingi zamani wanaujua mchakamchaka: asubuhi na mapema, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia huku miguu ikifuata mdundo. Ulikuwa na viboko vyake kwa wachelewaji, wala siutamani urudi na viboko hivyo. Nguvu yake ilikuwa kukimbia pamoja, kila siku. Kwa sababu hiyo naona agizo la Desemba 2016 la Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, la kuifanya Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, lilikuwa jema lakini dogo. Simu haingoji Jumamosi ya pili.

Kinachoweza kushindana nayo ni mpira wa jioni, na mpira unataka uwanja. Lami ikifika, ardhi ya kando ya barabara hupanda bei, na eneo la wazi ndilo huuzwa kwanza kwa kuwa halina wa kulilalamikia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha. Na uwanja usiwe wa wavulana peke yao. Duniani, mwaka 2016, asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango cha mazoezi, dhidi ya asilimia 78 ya wavulana. Na jioni, saa ya mpira, binti wa kwetu yuko jikoni. Wajumbe wa halmashauri za vijiji vya kata hii, pelekeni ajenda ya uwanja, pamoja na saa za netiboli, kwenye mkutano mkuu ujao kabla eneo halijapimwa viwanja.