Unataka kujitengenezea CNC nyumbani? Anza na fremu, siyo mota

CNC ni mashine inayokata mbao, plastiki na hata alumini kwa kufuata maelekezo ya kompyuta. Ubongo wake siyo ghali: bodi ndogo ya Arduino Uno yenye programu ya bure iitwayo GRBL.

Inafanyaje kazi?
Mota za stepa husogeza kifaa cha kukatia kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Stepa nyingi hupiga hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ikigawa kila hatua mara 16, unapata 3,200. Kama skrubu yako inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, basi kila milimita ni hatua 400. Hiyo namba unaiweka kwenye GRBL. Ukiweka 200, kipande cha sentimita 10 kitatoka na 5.

Wengi hukwama wapi?
Kwenye fremu. Ikitikisika, hesabu zote hizo hazisaidii kitu, kwa hiyo hela nyingi iende kwenye fremu na reli.

Usalama
Weka swichi ya dharura mkono unapofika haraka. Vaa miwani na barakoa. Glavu hapana: zikinaswa, zinavuta na vidole.