Si kila chuma ni kifaru

Hapa Nyawera, mjini Bukavu, gari la vita likipita, wengine husema «blindé», neno la Kifaransa, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaosema «kifaru». Kifaru hutembea kwa minyororo, na kazi yake ni mzinga. Gari la deraya mara nyingi lina magurudumu, na kazi yake ya kwanza ni kuwafikisha askari wakiwa hai. Deraya, lenye asili ya Kiarabu, ni vazi la chuma la mpiganaji. Ndugu yake, dirii, yumo katika Waraka kwa Waefeso.

Makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi walipouteka Bukavu, Juni 2004, askari wa Uruguay wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, walikuwa mjini. Jeshi lao lilileta Kongo OT-64, gari la deraya la magurudumu manane, lililoundwa na Czechoslovakia na Poland. Casspir ya Afrika Kusini ni ya namna nyingine: tumbo lake lina umbo la V, ili mlipuko wa bomu la ardhini uelekee pembeni. Magari ya deraya hugeuzwa pia kuwa ofisi ya kamanda, hata ambulensi. Kuiita ambulensi kifaru, jamani, ni kumwonea daktari.