Orodha Mbili Zisizopatana: Kijapani Ndani ya Linux

Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi hatuna haja ya kufikiria kibodi inafanya kazi gani. Tukigonga "kaa", linatokea "kaa", na msomaji ndiye anayeamua kama ni kaa la moto, kaa wa pwani au amri ya kuketi. Mwandishi wa Kijapani hana nafuu hiyo. Sauti "hashi" yaweza kuwa daraja, vijiti vya kulia chakula au ukingo, na kila maana ina alama yake. Kibodi haiwezi kubeba maelfu ya alama, kwa hiyo panahitajika programu ya katikati: mwandishi anagonga sauti, programu inapendekeza alama, naye anachagua. Programu hiyo ikikosekana, kompyuta inayoonyesha Kijapani vizuri kabisa haiwezi kukiandika.

Njia ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 1915 Kyota Sugimoto alibuni mashine ya taipu ya Kijapani, ambayo mpigaji wake alitafuta alama moja moja kati ya zaidi ya 2,000 zilizopangwa kwenye trei. Mwaka 1978 Toshiba ilitangaza JW-10, mashine iliyogeuza sauti kuwa alama. Ilikuwa kubwa kama dawati, na bei yake ilikuwa yen milioni 6.3.

Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Kyoto pamoja na kampuni za OMRON na Astec walitengeneza Wnn kwa ajili ya kompyuta za Unix. Jina hilo ni kifupi cha sentensi "Watashi no Namae wa Nakano desu", yaani "Jina langu ni Nakano". Shabaha ilikuwa kugeuza sentensi nzima kama hiyo kwa mkupuo. NEC nayo ikatoa Canna. Baadaye ikaja Anthy, iliyozaliwa katika klabu ya wanafunzi wa kompyuta wa Kyoto, na mwaka 2010 Google ikaitoa Mozc kwa umma.

Wingi huu ni neema, lakini una gharama yake. Linux haina mwenye nyumba mmoja. Kundi moja hutengeneza sura ya mezani, jingine hukusanya programu na kuzisambaza, na jingine hushughulikia uandishi wa Kijapani. Kwa mfano, GNOME, ambayo tangu mwaka 2012 imeunganishwa moja kwa moja na mfumo wa uandishi uitwao IBus, ina orodha yake: anayechagua lugha fulani apewe programu fulani ya kuandikia. Msambazaji naye ana orodha yake ya vitu vya kusakinisha. Fedora iliiacha Anthy mwaka 2013 na kuchukua kkc. Mwaka 2021 ikairudia Anthy. Kila badiliko la namna hiyo lazima lifanyike katika orodha zote mbili.

Zisipopatana, moja hutaja kkc na nyingine huleta Anthy. Mtumiaji anaambiwa amwulize mtu ambaye hayumo nyumbani. Menyu zote ni za Kijapani, lakini akigonga "hashi" anapata herufi tano za Kirumi tu. Kwa mjuzi dawa ni ndogo: afungue mipangilio ya kibodi na kuongeza programu iliyopo, au asakinishe ile inayotajwa. Kwa asiyejua, hata swali la kuomba msaada hawezi kuliandika kwa lugha yake.

Na sisi tuna fungu letu katika historia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi kubwa pale ilikuwa istilahi. Herufi hazikuwa tatizo. Lakini babu zetu waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu, na anayetaka kuandika hivyo leo huikuta kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina "p" wala "ch". Alama hizo zimo ndani ya kompyuta. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka pale vidole vinapofika. Wajapani walikuwa na watu hao tangu zamani, na bado mstari mmoja usiolingana unatosha kumnyamazisha mwandishi. Lugha isiyo na mtu wa kuiangalia mistari hiyo itanyamazishwa mara ngapi?