Mti Uliokufa Mara Mbili

Kuna wahusika ambao mwandishi akishawaua, msomaji anakataa kuamini. Mimi nilikutana na mmoja wa namna hiyo, tena si kwenye riwaya, bali kwenye orodha ya mwaka 2012 ya viumbe 100 walio hatarini zaidi duniani. Jina lake ni Erythrina schliebenii: mti wa kusini mwa Tanzania, wa jamii ya kunde, wenye maua mekundu na miiba mikali shinani. Ndugu yake, mbambangoma, huenda mmeshauona: ule unaopukutisha majani halafu unawaka maua kama moto.

Historia yake iliyoandikwa inaanza na Mjerumani Hans-Joachim Schlieben, aliyekuwa akikusanya mimea Tanganyika enzi za Mwingereza. Kati ya 1934 na 1935 aliuchuma karibu na ziwa Lutamba, Lindi. Matawi yakakaushwa, yakabandikwa kwenye karatasi, na mti ukapewa jina la mchumaji. Baada ya hapo, kimya. Miaka zaidi ya 60 kimya. Mwaka 1998 ukaandikwa kwamba umetoweka.

Basi, mwaka 2001 ukaonekana tena, kwenye kipande cha msitu huko Kilwa. Ningekuwa mtunzi ningeishia hapo, watu wapige makofi. Lakini ikaja biashara ya mafuta ya mimea, yale yaliyosifiwa kwamba yangepunguza moshi wa petroli, na eneo lile likafyekwa kupisha shamba. Yaani msitu unakatwa kwa jina la mazingira! Kufikia 2008 ikahofiwa kwamba safari hii umekwisha kweli.

Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameupata tena. Miti iliyokomaa haikufika 50.

Wengi wanaisoma kama hadithi ya bahati. Mimi naona vingine. Mwaka 1998 karatasi ilisema haupo, kumbe upo. Baada ya 2001 karatasi ilisema upo, na bado ukafyekwa. Karatasi haikuua, wala haikuokoa. Mara zote mbili mti ulirudi kwa sababu kuna mtu aliyefunga safari, akaingia msituni, akatazama juu.

Sisi watu wa vitabu tunapenda kuamini kwamba kilichoandikwa kimehifadhiwa. Mti huu unatukatalia. Lile neno "umetoweka" maana yake ilikuwa tu kwamba hakuna aliyekwenda kuangalia vya kutosha. Tangu niijue habari hii, nikilikuta neno hilo mahali, iwe ni kuhusu mti, ngoma au lugha ya watu fulani, sikubali haraka. Nauliza kwanza: nani alikwenda, na lini?