Land Rover ya Msimu wa Kahawa

Bodi ya Land Rover ya zamani haili kutu. Kila fundi wa Mbinga anajua hilo, na wanunuzi wa chuma chakavu wanalijua zaidi, maana alumini ina bei nzuri kuliko chuma. Asili yake ni uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kilitolewa kwa mgao huko Uingereza, lakini alumini, iliyokuwa ikiundia ndege za kivita, ilipatikana. Kampuni ya Rover ikatengeneza chasisi ya chuma, ikaivika bodi ya aloi ya alumini, na tarehe 30 Aprili 1948 ikalionyesha gari lake jipya mjini Amsterdam. Lilikusudiwa mkulima: libebe mzigo, livute jembe, lipite kwenye matope.

Sehemu nyingi za bodi hiyo zimefungwa kwa bolti. Mwenye spana chache na mtu mmoja wa kumshikia anaweza kuvua mlango, bawa au bonneti bila kukata chochote. Waliolichora gari hili hawakuwa wakiifikiria Maguu, lakini uamuzi wao ndio sababu Land Rover iliyotengenezwa zaidi ya nusu karne iliyopita inaweza kufumuliwa yote nyuma ya nyumba ya babu yangu, chini ya mparachichi, na vipande vyake vikapangwa juu ya turubai kama vyombo vya arusi.

Gari letu ni pikapu ya 109. Namba hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Hakuna hati iliyobaki ya kutuambia ni la mwaka gani, kwa hiyo tumelisoma lenyewe. Taa zake za mbele ziko kwenye mabawa. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na taa katikati, karibu na grili, na badiliko hilo lilifanywa mwishoni mwa miaka ya 1960. Grili yake ni ya waya, wakati toleo la tatu, lililotoka mwaka 1971, lina grili ya plastiki. Gia ya kwanza na ya pili haziingii mpaka ukanyage klachi mara mbili. Hayo yote yanaliweka kwenye miaka miwili au mitatu baada ya Azimio la Arusha.

Msasa ulitueleza mengine. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye fundi wa familia, alinipa kazi ya kukwangua mlango wa dereva. Juu kulikuwa na bluu ya babu, iliyopakwa kwa brashi. Chini yake nyeupe, chini yake kijivu, na mwisho kabisa kijani iliyotoka nayo kiwandani. Kwenye ile nyeupe zilibaki alama hafifu za herufi mbili, SU. Wasomaji waliozaliwa baada ya ubinafsishaji huenda hawazijui: ni herufi za namba za magari ya mashirika ya umma. Kabla ya kuwa mali ya babu, gari hili lilikuwa mali ya taifa.

Kuelewa jinsi lilivyofika huku milimani inabidi kuanza na kahawa. Wamatengo walikuwa wakilima miteremko hii kwa ngolo tangu zamani: majani yanapangwa kwa miraba, yanafukiwa, na mlima mzima unabaki na mashimo yanayonasa maji ya mvua na kuzuia udongo kuporomoka. Kahawa iliongezwa juu ya kilimo hicho wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1936 kikaanzishwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichosimama zaidi juu ya tumbaku ya upande wa Songea. Zao la kuuza lilileta swali ambalo mahindi na maharage hayakuwa yameliuliza kwa ukali huo: mzigo utafikaje sokoni? Jibu la kwanza lilikuwa kichwa cha mtu. Wazee wa Maguu bado wanahesabu umbali kwa vituo vya kupumzika, si kwa kilomita.

Magari ya kwanza yaliyozoeleka kwenye njia hizi yalikuwa ya watu wenye mamlaka au wito: maofisa wa serikali, wataalamu wa kilimo, wamisionari Wabenediktini waliotokea Peramiho. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Februari 1967, dhana ilikuwa kwamba chombo kama hicho kiwe cha wote. Mkoa wetu ulikuwa umeanza mapema. Litowa, huko Songea, na vijiji vilivyoungana nayo katika Ruvuma Development Association vilikuwa vikilima na kumiliki mali kwa pamoja tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na Nyerere mwenyewe alivisifu. Mwaka 1969 chama hicho kilipigwa marufuku, na mali ya wanavijiji ikachukuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchi nzima navyo vikavunjwa, na kazi yao ikahamishiwa kwenye mamlaka za mazao. Rangi ya kijivu na ile nyeupe kwenye mlango wetu ni za kipindi hicho. Kila mmiliki mpya alipaka yake juu ya ya mwenzake.

Halafu ikaja njaa ya vipuri. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Katikati yake kulikuwa na Vita vya Kagera, ambavyo vilikomba magari ya watu binafsi na ya mashirika kupeleka askari na chakula mpakani. Fedha za kigeni zikaisha. Ikafika mahali magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Katika hali hiyo, gari lililoharibika beringi moja lingeweza kusimama mwaka mzima.

Ninaamini ufundi wa nyumbani tunaouona leo ulizaliwa hapo. Bushi za springi zilichongwa kutoka kwenye mpira wa tairi. Springi iliyovunjika ilipachikwa jani la lori, likakatwa kwa msumeno mpaka lienee. Gasketi ilikatwa kwa kugongagonga kadibodi nzito juu ya chuma chenyewe, kingo zikajichora. Betri ikifa, hendeli ilipitishwa chini ya grili, mtu akainama, akazungusha, injini ikawaka. Injini ya petroli ya lita 2.25 haina mgandamizo mkubwa, kwa hiyo ilivumilia hata petroli hafifu. Mafundi wa zama hizo hawakuwa wakihifadhi kitu cha kale. Walikuwa wakizuia kesho isisimame.

Wala si kwamba ufundi wa chuma ulikuja na gari. Jirani zetu Wapangwa wa Ludewa walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma kabla ya Mjerumani kufika. Milima yao ina chuma cha Liganga. Wilaya yetu ina makaa ya mawe ya Ngaka. Huwa ninayafikiria hayo ninapomwona baba mdogo akinunua kipande cha bamba kilichotoka ng'ambo ili akiwekee kiraka chasisi iliyotoka ng'ambo, huku tumekaa juu ya makaa na kuelekeana na chuma.

Mlango ulifunguka mwaka 1984. Serikali iliruhusu watu wenye fedha za kigeni zao wenyewe kuingiza bidhaa, na pikapu za Kijapani zikaanza kuonekana mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka mmoja kabla, Dar es Salaam ilikuwa imehalalisha daladala. Mijini pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana zilikwisha kuitwa chai maharage, kwa sababu abiria walikaa kama wateja wa mgahawani. Kwa upande wetu ushirika ulikuwa umerudi: MBICU, chama kikuu cha Mbinga, kilitoa mbolea na dawa kwa mkopo na kukusanya kahawa. Kikaelemewa na madeni, na soko la kahawa lilipoachiwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, hakikusimama tena. Ilikuwa miaka ya minada. Mashirika ya umma yaliuza viti, mashine za kuchapa na magari yasiyotembea. Babu aliinunua Land Rover yake kwenye mnada mmojawapo, ikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani.

Aliandika kila kitu. Ndani ya sanduku la spana, chini ya kiti, tulikuta daftari la shule la kurasa 96, limefungwa kwa mfuko wa nailoni. Upande mmoja ni matengenezo: giaboksi nyingine, kutoka gari bovu la Songea, kabureta, ya kuokoteza, mabadiliko ya breki. Upande wa pili ni safari. Magunia ya kahawa ya fulani. Bati za kanisa. Bibi arusi na wapambe. Na mstari unaojirudia, wakati mwingine mara tatu kwa mwezi mmoja wa mvua: "Mgonjwa, Litembo." Pembeni yake palikuwa na sehemu ya nauli, na mara nyingi babu aliandika "bado". Hakuna alama ya kuonyesha kwamba madeni hayo yalilipwa. Hakuna alama ya kuonyesha kwamba aliyadai.

Nimesoma historia chuo kikuu, na sijawahi kushika nyaraka iliyonieleza kipindi cha kuanguka kwa ushirika vizuri kama daftari hilo. Takwimu za kahawa zinaonyesha tani. Hazionyeshi kwamba baada ya taasisi kuondoka, mtu mmoja mwenye injini na deni aligeuka kuwa usafirishaji, gari la wagonjwa na mkopeshaji wa kata, bila kupewa cheo.

Lami ndiyo iliyoistaafisha. Barabara ya Makambako hadi Songea ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Miaka mingi baadaye ikaja ya Songea hadi Mbinga kwa fedha za Marekani, kisha ile ya kilomita zipatazo 66 kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia za pembeni za kwetu bado ni za udongo, lakini bodaboda huzipita. Hakuna aliyehitaji tena kusubiri gari moja lijae. Babu aliliegesha chini ya mparachichi, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha abiria.

Mwaka jana, baada ya babu kufariki, familia ilikaa kujadili. Shangazi alitaka liuzwe chakavu, na hoja yake ilikuwa nzito: wajukuu wawili wanadaiwa ada, na alumini ile ingeyeyushwa ikawa masufuria ambayo watu wangeyatumia. Baba mdogo alitaka lifufuliwe, lakini kwa injini ya dizeli ya Kijapani, kwa kuwa vipuri vyake vipo Mbinga mjini na mafuta yake hayamalizi mfuko. Mimi nilitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kijani na injini yake.

Nilikuwa na mfano mkononi. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilitangaza mpango wa kufufua Land Rover 25 za toleo la kwanza kiwandani Solihull, kila kipuri kikiwa cha asili, na kuziuza kwa wakusanyaji. Oktoba 2024 Arusha ilifanya Tamasha la Land Rover, na magari yakapangwa msururu kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani. Niliona kwamba ukale una thamani. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Asili unayoitaka ni ya lini? Giaboksi ni ya gari jingine. Kabureta ni ya jingine. Ukitoa vyote alivyoweka mzee, utabaki na la Mwingereza."

Hoja hiyo ndiyo iliyonikalia. Desturi ya ukarabati tunayoisoma kwenye majarida ya nje inachagua siku moja, siku gari lilipotoka kiwandani, na kuiita kweli. Yaliyofuata yanahesabiwa kuwa uharibifu. Kwa gari la Maguu, yaliyofuata ndiyo historia. Viraka vya chasisi vina tarehe kwenye daftari. Bluu ya brashi ina sababu yake. Kulirudisha kijani kungefuta SU, ushirika na babu kwa pamoja.

Shangazi alikubali kwa sharti kwamba gari lifanye kazi na mapato ya msimu wa kwanza yalipe ada. Kwa hiyo dizeli imeshinda. Injini ya zamani tumeipaka grisi na kuifunga turubai ghalani. Chasisi, iliyoliwa na kutu kwa ndani mahali matope yalipotuama, imekatwa na kuchomelewa mabamba mapya; kazi hiyo imewezekana nyumbani kwa sababu umeme umefika kijijini. Palipogusana chuma na alumini pamefanya unga mweupe, tumepasafisha na kuweka vipande vya mpira katikati. Nje litakuwa bluu. Mlango wa dereva, upande wa ndani, hautapakwa.

Wiki iliyopita mama mmoja wa jirani alikuja na magunia mawili akiuliza lini litaanza kutembea. Alisema babu aliwahi kumpeleka Litembo usiku, mimba ikiwa imemshinda, na mtoto huyo sasa ndiye anayevuna kahawa hiyo. Baba mdogo alimwambia asubiri breki. Kisha akachukua daftari la babu, akageuza ukurasa mtupu, akaandika jina lake na idadi ya magunia.