Mvinyo wa Dodoma na Kipimo cha Mwaka

Wafaransa huhesabu mvinyo kwa miaka. Zabibu za Bordeaux huvunwa mara moja, wakati wa vuli ya Ulaya. Miezi michache baadaye wajuzi huonja mvinyo ungali ndani ya mapipa, wakatamka kwamba mwaka huu ni mwema au ni dhaifu. Tamko lao huongoza bei. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano kwa kufuata bei za soko. Mpango huo haukuguswa ila kwa nadra: mwaka 1973 Mouton Rothschild lilipandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza.

Ugogo nao una desturi ya kuipa miaka sifa, lakini kipimo chake ni chakula. Wazee waliupa jina la Mtunya msiba wa njaa ulioanza 1917 na kuendelea hadi 1920. Mwaka mwema ulikuwa ule uliojaza ghala mtama na uwele.

Katika nchi hiyo ya ukame mzabibu ni mgeni. Mapadre kutoka Italia waliupanda Bihawana katika miaka ya 1950, wapate divai ya misa. Kutoka hapo kilimo kikaenea, na leo Hombolo na Makutupora ni majina yanayojulikana kwa zabibu. Dodoma ipo mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, wala haina baridi kali ya kuulaza mzabibu. Mkulima akipogoa, mti huchipua. Kwa hiyo huvuna mara mbili, karibu na Machi, na tena Agosti au Septemba.

Hapa ndipo kipimo cha Bordeaux kinapokosea njia. Zabibu za Machi hukomaa katika mvua, na ukungu huzinyemelea. Za Agosti hukomaa katika jua kavu, zikategemea maji ya kumwagilia. Kuyaita mavuno hayo mawili kwa tarakimu moja ya mwaka ni kuwahukumu ndugu wawili kwa kosa la mmoja. Afadhali chupa itaje msimu pamoja na mwaka.

Jambo hili si la walevi wala la wajuzi peke yao. Mtama huwekwa ghalani ukangoja mnunuzi. Zabibu haingoji, huoza mkononi mwa aliyeitunza. Sifa ikitolewa kwa haki, mkulima aliyepogoa kwa wakati na kumwagilia kwa taabu atakuwa na hoja ya kudai bei yake. Sifa ikichanganywa, jasho lake litachanganywa nayo. Ugogo umekwisha kuipa miaka majina kwa sababu ya njaa. Ni haki sasa upate kuyapa majina mavuno yake.